Siku yangu moja: kupanga jengo la kuegesha gari Darajani

Saa 12:20 asubuhi nashuka daladala ya Fuoni hapa Darajani, mjini Unguja, ubao na karatasi kwapani. Mimi ni msanifu majengo. Watu wakisikia nachora jengo la kuegesha gari huniuliza, "Si mistari tu ile?" Mistari ni kazi ya mwisho. Kwanza nahesabu: gari zinazoingia, zinazotoka, za mizigo ya sokoni, na zile zinazopita mara ya tatu zikitafuta pa kusimama. Muuza kahawa aliyekuwa akinitazama akaniambia, "Dada, na Vespa je? Hizo hazina pahala kabisa." Nikazianzishia safu yake.

Saa 3 nipo kiwanjani. Leo bamvua, siku za maji makubwa ya bahari, na shimo la majaribio lililokuwa kavu jana jioni lina maji. Pahala hapa palikuwa na mkono wa bahari; jina la Darajani limetokana na daraja la kuvukia kwenda Ng'ambo. Mkono ulifukiwa, lakini maji bado yanaijua njia. Kwa hiyo hakuna kuegesha chini ya ardhi, na nondo lazima zivikwe zege nene. Mchanga wa pwani siutaki hata ndoo moja, chumvi yake itazila nondo.

Kikao kilikuwa saa 4:30. Mwenye mradi akaja saa 6 kasoro, na adhuhuri ikatukuta bado tuko ukurasa wa kwanza.

Anataka ghorofa 5, mimi nimechora 4. Kimo cha jengo ni kilekile, maana tuko mlangoni mwa Mji Mkongwe, uliomo kwenye Urithi wa Dunia tangu 2000, na hatuwezi kupanda juu tunavyotaka. Yeye anaipa kila ghorofa mita 2.9, mimi mita 3.6.

"Binti yangu, gari haihitaji dari refu."

"Kweli mzee wangu, lakini siku jengo likibadilishwa kazi, duka na darasa vinahitaji."

"Nimekuomba duka mimi?"

Nikaanza tena. Sakafu zangu zimelala, zina mwinamo mdogo tu wa kutolea maji ya mvua. Yeye anataka sakafu za mteremko, gari ipande huku ikitafuta nafasi, na juu ya mteremko huweki dawati. Njia ya kupandia gari nimeitoa nje, juu ya nguzo zake, siku ikibidi ivunjwe peke yake. Slabu, yaani sakafu za zege, nimezipa nguvu ya kubeba duka, mzigo mzito kuliko gari ndogo zilizosimama. Nikamtajia Ngome Kongwe: imewahi kuwa gereza, ikawa karakana ya reli, leo watu wanakwenda kutazama ngoma. Kuta zake hazikuhitaji kuvunjwa kila mara kazi ilipobadilika.

Akatoka kuswali. Aliporudi akauliza upya, "Ghorofa moja ni gari ngapi tunazopoteza?" Arobaini, nikamjibu kwa mara ya tatu. Akapiga simu, akapigiwa simu. Hapo ndipo nilipopandisha sauti, na sikupenda kuipandisha mbele ya mtu wa umri wa baba yangu. Nilimwambia mchanga wa kujengea Unguja umekuwa adimu, hadi Serikali inadhibiti uchimbaji wake. Jengo hili likivunjwa baada ya miaka 30 kwa sababu halifai ila kwa gari, mchanga wa kujengea la pili utatoka wapi?

Akanyamaza kidogo. "Nifanyie hesabu zote mbili. Kesho asubuhi nizione."

Urojo nimeula nimesimama, alasiri ishaadhiniwa. Baadaye nikachora kuta za matofali yenye matundu ili upepo wa kusi na kaskazi upite bila feni, paneli za jua juu ya paa, na tangi la mvua za masika. Sikumbuki ilikuwa saa ngapi nilipopanda daladala. Miguu ilikuwa inawaka moto.

Usiku, watoto wamelala. Hesabu ya ghorofa 5 nimeimaliza kwa uaminifu, bila kuiharibu. Kisha nikaitoa karatasi ya asubuhi, nikapima pembe iliyo chini ya njia ya kupandia, pale gari haiwezi kuingia. Vespa 60 zinaenea. Nimeziandika kwenye mchoro wa ghorofa 4.