Msimamizi anayesoma

Kurasa 22 za pendekezo langu la utafiti zilikaa miezi minne kwa msimamizi wangu wa kwanza. Ziliporudi, hazikuwa na alama hata moja ndani. Juu ya jalada tu palikuwa na neno "Endelea" kwa kalamu ya bluu. Nilimchagua kwa jina lake. Kila mtu idarani alimtaja, nami nikadhani jina hilo litanibeba.

Utafiti wangu ni wa omena, dagaa wa Ziwa Victoria: kiasi gani huharibika kati ya mtumbwi na soko. Mama ameuza omena soko la Kibuye, Kisumu, tangu nikiwa mdogo, kwa hiyo jambo hili liko karibu sana na moyo wangu.

Nilipoamua kutafuta msimamizi mwingine, sikuanza na maprofesa. Nilianza na wanafunzi wao. Dada mmoja aliyehitimu mwaka uliotangulia nilimwuliza: ukimpa msimamizi wako sura moja, inarudi baada ya siku ngapi, na ikirudi ina nini? Akanifungulia simu yake. Ukurasa ulijaa wino mwekundu pembeni, maswali juu ya maswali. Hapo hapo nikajua ninayemtaka.

Nilisoma kwanza makala mbili za profesa huyo kuhusu ukaushaji wa samaki. Kisha nikamwandikia barua pepe fupi: mimi ni nani, nataka kupima nini, kwa nini nimemwendea yeye, na kama angenipa dakika ishirini. Nikaambatisha ukurasa mmoja tu. Mtu mwenye madarasa na vikao hafungui kurasa 22 za mgeni.

Ofisini alinikaribisha kiti, akausoma ule ukurasa mbele yangu, polepole. Akaweka kidole kwenye ratiba.

"Umeandika utakusanya data ufuoni Usenge, Mei na Juni. Uvuvi wa omena hufungwa lini, mama?"

Nilinyamaza. Hufungwa kuanzia Aprili 1 hadi Julai 31, ili samaki wazaane. Nyumbani kwetu hiyo ndiyo miezi ya kubana matumizi, naijua tangu utotoni. Ningefika ufuoni nikute nyavu zimekunjwa. Na yule aliyeniandikia "Endelea" angeniacha niende.

"Njoo na ratiba ya Oktoba na Novemba," akasema. "Mvua za vuli zikinyeshea omena iliyoanikwa, inaoza, inauzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Hasara unayoitafuta iko hapo. Na kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, ukiombe mapema."

Kuhama kulihitaji barua kwa mkuu wa idara. Sikumlaumu mtu. Nilieleza kwamba mada yangu imeelekea kwenye ukaushaji na nimepata mtaalamu wake, kisha nikaenda mwenyewe kumshukuru yule wa kwanza. Ni mzee wangu, na huenda siku moja akakaa kwenye jopo la utetezi wangu.

Rasimu ya sura ya pili nilimpelekea Profesa Jumatatu. Imerudi leo, Alhamisi. Nimehesabu maswali 31, na la kwanza linauliza mizani yangu inapima gramu ngapi kwa uchache.