Stenti Iliyosahauliwa Katika Njia ya Mkojo, na Upasuaji wa Kuitoa

Stenti ya njia ya mkojo ni mrija mwembamba na laini unaowekwa ndani ya ureta, yaani njia inayoteremsha mkojo kutoka kwenye figo hadi kwenye kibofu, ili mkojo uendelee kupita pale ambapo njia hiyo imezibwa na jiwe, imebanwa na uvimbe, au imetoka kushonwa baada ya kujeruhiwa. Kwa mtu mzima mrija huo huwa na urefu wa takriban sentimita 22 hadi 30 na unene wa milimita 2 hivi, na ncha zake zote mbili zimejikunja, moja ikikaa ndani ya figo na nyingine ndani ya kibofu, ili usiteleze kupanda wala kushuka. Umbo hilo lilielezwa na daktari Roy Finney wa Marekani mwaka 1978, na limesaidia kuokoa figo nyingi mno. Naandika juu yake kwa sababu mama yangu mdogo aliishi na mrija huo kwa zaidi ya miaka mitatu bila kujua kwamba anao, na upasuaji uliohitajika kuutoa ukawa mkubwa kuliko ule wa jiwe lililosababisha uwekwe.

Alipotolewa jiwe la ureta, aliamka akiwa na mpira wa mkojo uliounganishwa na mfuko kando ya kitanda. Mpira huo ulitolewa kabla hajaruhusiwa kurudi nyumbani Morogoro, na yeye pamoja na sisi tuliomuuguza tukaelewa kwamba kila kilichoingizwa mwilini kimekwisha kutoka. Hapa ndipo wagonjwa wengi wanapopotea. Mpira mgonjwa anauona, unamkera, anangoja kwa hamu siku ya kutolewa. Stenti imo ndani kabisa, na pengine hakuna aliyemtajia. Karatasi yake ya kuruhusiwa ilikuwa na mstari mmoja tu kuihusu, kwa Kiingereza na kwa vifupisho, na tarehe ya kurudi kliniki alielezwa kuwa ni ya kuangalia kidonda. Kidonda kilipona vizuri, nauli ikawa ngumu, hakurudi. Siamini kwamba mtu ambaye hakuambiwa ana kitu mwilini anaweza kuitwa mzembe kwa kutorudi kukitoa.

Dalili zilikuwepo tangu mwanzo. Alikwenda haja ndogo mara kwa mara, alisikia maumivu yakipanda kiunoni wakati wa kukojoa, na siku za kazi nyingi shambani mkojo wake ulichanganyika na damu. Kila alipokwenda kwenye zahanati au duka la dawa aliambiwa ni UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, akapewa dozi, akapata nafuu kwa muda, kisha hali ikarudi. Matibabu hayo hayakuwa na namna ya kufaulu, kwa kuwa bakteria hujijengea utando juu ya mrija na kujificha humo, mahali ambapo dawa haiwafikii vya kutosha. Baadhi yao, hasa wale waitwao Proteus, huvunja urea iliyomo kwenye mkojo na kutoa amonia. Mkojo hupoteza asidi yake, na chumvi za fosfati za magnesiamu na kalisi huganda juu ya mrija tabaka baada ya tabaka. Hata pasipo maambukizi, mtu ambaye mwili wake una tabia ya kutengeneza mawe huendelea kuyatengeneza, na stenti humpa mahali pazuri pa kuanzia.

Muda ndio unaoamua mengi. Stenti nyingi za kawaida hukusudiwa kukaa kati ya wiki chache na miezi mitatu. Utafiti uliofanywa Riyadh, Saudi Arabia, na kuchapishwa mwaka 1991, ukiwahusu wagonjwa wa mawe, ulikuta ugandaji kwenye asilimia 9.2 ya stenti zilizotolewa kabla ya wiki 6, asilimia 47.5 ya zile zilizokaa wiki 6 hadi 12, na asilimia 76.3 ya zile zilizopita hapo. Kwa wajawazito ugandaji huenda kwa kasi zaidi, ndiyo maana wao hubadilishiwa mapema. Na plastiki yenyewe huchakaa: mrija uliokaa miaka hukauka, hupoteza ulaini wake, na unaweza kukatika vipande ndani ya mwili.

Kilichomaliza kubahatisha kwote kule ni picha moja ya eksirei ya tumbo. Stenti huonekana vizuri kwenye eksirei, na ya mama mdogo ilionekana yote, huku ncha ya kibofuni ikiwa imezama ndani ya jiwe lenye ukubwa wa yai la kuku na ncha ya juu ikiwa na jiwe dogo zaidi. Daktari bingwa wa upasuaji wa mfumo wa mkojo hakukimbilia kumpeleka chumba cha upasuaji. Aliagiza ultrasaundi kuona kama figo imevimba kwa mkojo uliokwama, kipimo cha kreatinini kwenye damu kinachoonyesha jinsi figo zinavyofanya kazi, CT-scan kuonyesha mawe yameshika wapi na kwa unene gani, na mkojo uoteshwe maabara ili ijulikane ni bakteria gani na wanasikia dawa ipi. Antibiotiki zilianza kabla ya upasuaji, kwa kuwa mawe ya aina hii yanapovunjwa huachia bakteria wengi, nao wakiingia kwenye damu wanaweza kumuua mgonjwa ndani ya muda mfupi. Swali jingine zito lilikuwa kama figo ile bado inafanya kazi. Ingekuwa imekufa, mazungumzo yangegeuka kuwa ya kuiondoa figo yenyewe, na wapo wanaofikia hapo kwa ajili ya mrija ambao ungetolewa mapema kwa dakika chache.

Jambo ambalo daktari alilirudia, na ambalo ningependa kila familia ilijue, ni kwamba stenti iliyoganda haivutwi kwa nguvu. Stenti isiyo na mawe hutolewa kwa kupitisha kamera nyembamba kwenye tundu la mkojo, kuushika mrija na kuuvuta taratibu. Ile iliyoshikwa na mawe ikivutwa hivyo inaweza kuichana ureta, au hata kuing'oa kutoka kwenye figo, na jeraha la namna hiyo ni gumu sana kulitengeneza. Kwa hiyo kazi huanzia chini: jiwe la kibofuni huondolewa kwanza, kisha hujaribiwa kwa upole, chini ya eksirei ya papo kwa papo, kama mrija unaregea, ukigoma, daktari huacha na kuhamia juu.

Penye vifaa vyote, mengi ya haya hufanyika bila mkato mkubwa: jiwe la kibofu huvunjwa kupitia njia ya mkojo, ganda la ndani ya ureta husagwa kwa leza, na jiwe la figo hutolewa kupitia tundu dogo linalotobolewa mgongoni. Ganda likiwa jembamba, mawimbi ya mshtuko yanayopigwa kutoka nje ya mwili huweza kusaidia. Kwa mama mdogo, ukubwa wa jiwe la kibofu na vifaa vilivyokuwepo vilielekeza kwenye upasuaji wa wazi. Alikatwa juu kidogo ya kinena, kibofu kikafunguliwa, na mrija ukakatwa makusudi kwenye mdomo wa ureta ili jiwe litoke pamoja na ncha yake. Sehemu iliyobaki haikuregea. Akageuzwa, akakatwa ubavuni, mfuko wa figo unaokusanya mkojo ukafunguliwa, jiwe la juu likatolewa, na mrija uliokuwa na ganda jepesi katikati ukapandishwa na kutoka kwa kupitia huko. Nimeona watu wakiudharau upasuaji wa wazi kama mambo ya zamani. Mimi nilimwona daktari aliyejua kuacha kuvuta, na figo ya mama yangu mdogo ikabaki.

Alitoka humo akiwa na mpira wa mkojo, mrija wa kutolea majimaji ubavuni, na stenti mpya, kwa sababu ureta iliyosumbuliwa kiasi kile inahitaji kushikiliwa wazi wakati inapona. Nakiri kwamba neno stenti lilitutia hofu. Safari hii muuguzi alikaa naye, akamchorea mahali ilipo, akamwandikia kwa Kiswahili tarehe ya kutolewa, na kuchukua namba za simu za ndugu wawili. Ilitolewa kwa kamera kwa tarehe ile ile, na alirudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Ninaloliomba kwa hospitali zetu halihitaji mashine mpya. Ni daftari kwenye chumba cha upasuaji lenye jina la mgonjwa, simu yake, tarehe ya kuwekewa, tarehe ya kutolewa na sahihi ya aliyetoa, na mtu mmoja mwenye jukumu la kulipitia kila wiki na kupiga simu. Haja inaongezeka, kwa sababu stenti hazihusu mawe peke yake: huwekwa kwa wanawake ambao saratani ya shingo ya kizazi imebana ureta zao, ambao huhitaji kubadilishiwa mara kwa mara, kwa waliojeruhiwa ureta wakati wa upasuaji wa uzazi, na kwa kawaida hata kwa waliopandikizwa figo, huduma ambayo Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, imeitoa tangu 2017. Gharama ya kuitoa nayo ingelipwa pamoja na ya kuiweka, ili mgonjwa asikwame kwa kukosa fedha za awamu ya pili.

Na ikiwa uliwahi kufanyiwa upasuaji wa figo, ureta au kizazi, kisha UTI haikuachi au maumivu ya kiuno yanakuja wakati wa kukojoa, mwambie daktari waziwazi kuhusu upasuaji huo na umwulize kama uliwekewa stenti. Eksirei ya kawaida ya tumbo hutosha kuionyesha, na kama una ujauzito utaje mapema, kwa kuwa kipimo cha kuanzia kitakuwa ultrasaundi.