Wale vikande wawili

Karatasi yenyewe ilikua ya kawaida tu, jina la samaki, idadi, saizi, alafu safu ya mwisho imeandikwa ANAKULA, hapo unatia tiki ama unatia msalaba. Mie ndio nilokua nashika kalamu mwaka ule wa 2011, nina miaka 22, na kuna tiki mbili nilitia mwezi wa tatu ambazo mpaka leo nikizikumbuka roho haitulii.

Kwa wasiojua, huku pwani yetu ya Kenya kuna wavuvi ambao kazi yao si samaki wa kitoweo. Wanavua samaki wa mapambo, wale wa kuwekwa ndani ya matangi ya vioo Ulaya na Marekani, na biashara hii mie nimezaliwa nimeikuta. Mjomba wangu, ndugu yake mama, ndio ilikua kazi yake. Anazama na miwani na vyavu viwili vya mkono na kifimbo, anamtoa samaki kwenye mwamba polepole kama anayemwamsha mtoto, na kila anayempata analipwa kwa kichwa. Ile tabia ya kuwapulizia sayanaidi ndani ya matumbawe ili walewe, iliyoharibu miamba mingi Ufilipino na Indonesia, kwetu sikuiona hata siku moja, na nalisema hili manake watu wakisikia samaki wa mapambo wanadhani wote ni wale wale.

Mjomba ndio alonitafutia kazi kwenye godauni ya kampuni moja karibu na bahari, jina lake silitaji. Ndani ni matangi kwa safu, maji yanavutwa kutoka baharini na pampu inavuma usiku na mchana mpaka ukienda kulala bado unaisikia masikioni. Kazi yangu kulisha, kuosha vioo, na asubuhi kabla ya chai kuwatoa waliokufa na kuwaandika.

Ni kule kuwaandika ndiko kulikonifunza kwamba samaki hawako sawa. Kuna wengine unamtia tangini saa hii, baada ya nusu saa anakuja juu anakutazama mkono. Na kuna wengine ni mtihani. Yule kangaja wa bluu, sisi tukimwita paudablu, uso mweusi shingo nyeupe pezi la mgongo la manjano, ukimwona kwenye mwamba yuko na kundi kubwa wanakula mwani hana habari na mtu, lakini mtie kwenye tangi dogo siku mbili tatu utaona vidoti vyeupe kama chumvi vimemjaa mwilini, ni wadudu wale, wanamwacha wanashuka chini wanazaana alafu wanarudi wengi zaidi, na dawa yake ni shaba ambayo ukizidisha kidogo unamuua yeye mwenyewe. Na yule kitatange mwenye pezi refu linaloburura nyuma kama utepe, huyo wengi wanasusa chakula mpaka wanakwisha. Sasa hawa angalau unaweza kupigana nao, kuna wanaoshinda. Lakini kuna mmoja ambaye mjomba alikua hataki hata kumgusa.

Ni kikande mdogo, hafiki urefu wa kidole cha kati na kiganja, rangi yake kijani cha bahari ya asubuhi na juu yake madoa ya machungwa yamepangwa safu safu, mkiani ana doa jeusi, na mdomo mrefu mwembamba umechongoka. Hutembea wawili, dume na jike, hawaachani. Wakiwa kwenye matumbawe ya matawi hujiinamisha kichwa chini na kutulia katikati ya matawi mpaka unawapita. Na huo mdomo una kazi moja, kudonoa nyama ya matumbawe hai, kile kijidudu laini kinachoishi kwenye kila tundu la tawi. Hicho ndicho chakula chake. Mjomba alinambia baada ya mwaka wa 1998, joto lile la El Nino lilipogeuza matumbawe meupe, alikaa misimu kadhaa bila kumwona hata mmoja, sehemu ambazo zamani ukizama lazima uwaone.

Basi oda ikaja, mteja wa Ulaya anataka jozi. Msimamizi wetu akaniita akanambia mjomba wako ndio ajuaye walipo, mwambie, safari hii bei ni mara mbili. Nikaenda nyumbani jioni nikampata amekaa kibarazani anashona chavu.

"Mjomba, kuna oda ya wale vikande."

Hakuinua kichwa. "Wale hawalishwi, mjomba. Waambie hakuna."

Nikambembeleza. Nitasema kweli, nilikua na miezi minne tu kazini na nilitaka msimamizi anijue, nilijiona nina mkono na samaki, nilishawahi kuwalisha vitatange ambao wenzangu walishakata tamaa nao. Nikamwambia mjomba we niletee tu, mie ntawalisha. Akanyamaza mpaka akamaliza tundu lile alokua akishona. Akasema, "Haya. Umesema wewe."

Kesho yake maji yalipokupwa akawaleta kwenye ndoo nyeupe, wawili, kila mmoja amegandana na mwenzake. Aliwashika bila hata jeraha, mapezi mazima, mjomba alikua fundi. Nikawapa tangi lao peke yao pembeni, pasipo makelele.

Siku ya kwanza na ya pili sikuwasumbua. Siku ya tatu nikaanza na atemia, vile vidudu vya maji ya chumvi ambavyo mayai yake unayatia kwenye chupa yenye hewa inayochemka na baada ya siku moja yanaangua, unapata wingu la rangi ya machungwa. Nikalimwaga lile wingu mbele yao. Macho yao yanazunguka kila moja upande wake, wanavifuata vidudu kwa macho, jike akasogea akanyoosha mdomo, nikashika pumzi, akavuta kimoja akakitema. Dume hata hakusogea. Nikajaribu kamba nilomsaga laini, hakuna. Nikajaribu chaza. Mwenzangu mmoja akanifunza nichukue tawi la matumbawe lililokufa nilipake ule uji wa chaza na kamba kwenye vitundu vyake, wakija kudonoa wadhani ni chakula chao, nikalipaka kama mtu anayepaka siagi mkate, nikalitumbukiza. Wakalizunguka, wakalinusa, dume akaligusa na ncha ya mdomo mara moja alafu akageuka akaenda zake.

Siku ya sita tumbo la dume lilikua limeingia ndani. Samaki akianza kukonda unamwona hapo nyuma ya kichwa, panabonyea kama paja la mtu alouguwa. Usiku nilikua nabaki baada ya zamu nawatazama na tochi nimeifunika kitambaa, dume ameuma mpira wa pampu kwa meno ili asielee wakati wa usingizi, manake ndivyo wanavyolala, hushikilia tawi kwa mdomo, na hapa hakuna tawi.

Siku ya saba nikamfuata mjomba, nikamwambia hawali. Hakunilaumu. Siku ya nane akaja godauni na ndoo, ndani mna tawi la matumbawe hai, kahawia ncha zake bluu, kubwa kama kiganja changu nimekikunjua. Alisema ameliokota chini, limevunjwa na nanga ya boti. Nikalishusha tangini kwa mikono miwili.

Sijawahi kuona kitu kama kile. Kabla hata sijatoa mikono walikua washafika. Wakajiinamisha vichwa chini kila mmoja upande wake wakaanza, donoa, donoa, donoa, haraka, ukiweka sikio kwenye kioo unasikia tik tik kama mvua ndogo juu ya mabati. Dume ambaye tangu jana alikua amelala ubavu kidogo alisimama wima. Rangi zikarudi, yale madoa yakawaka. Nilifurahi mpaka nikamwita msimamizi. Akaja akasimama nyuma yangu akatazama dakika moja hivi, akasema, "Si wanakula hawa. Watie kwenye listi."

Na mie nikaenda nikachukua ile karatasi nikatia tiki. Mbili.

Siku ilofuata mchana lile tawi lilikua jeupe. Lote. Kilichobaki ni mfupa. Siku moja na ushei, samaki wawili wa urefu wa kidole, tawi la kiganja kizima, na tawi kama lile kukua huko mwambani ni kazi ya mwaka ama zaidi. Nikapiga hesabu pale pale nimesimama, kuwaweka hai mwaka mmoja yule mteja atahitaji matawi mangapi, na ayatoe wapi. Alafu wakarudi kusimama kwenye kona yao wakingoja. Nilijua tiki zangu zile ni za uongo. Wamekula, ndio, lakini yule mtu kule akisoma neno lile anafahamu kwamba wanakula chakula cha dukani, cha kugandishwa, anachoweza kununua. Ningeweza kwenda ofisini niseme, bwana futa. Nilifika mpaka mlangoni. Nikarudi.

Usiku wa kupakia ulikua Alhamisi. Tangu Jumanne godauni nzima haikulishwa, ndivyo inavyofanywa, samaki akisafiri na tumbo tupu hachafui maji yake. Wale wangu hawakuhitaji kunyimwa. Kila mmoja mfuko wake, maji theluthi, hewa ya oksijeni juu yake theluthi mbili, mpira unakazwa, mfuko wa pili juu yake, alafu ndani ya boksi la stairofomu, giza. Wanakaa humo mpaka siku nzima na zaidi, Mombasa, Nairobi, alafu ndege ya usiku, wanavuta hewa yao na kukaa na amonia ya mikojo yao. Nilipomtia dume mfukoni alinyoosha mdomo akaligusa karatasi la nailoni, donoa moja, akaacha. Nikakaza mpira.

Kule kwenye biashara kuna kitu wanakihesabu sana, waliokufa njiani. Mteja akifungua boksi akakuta mfu anapiga picha anatuma analipwa. Lakini akifa baada ya wiki mbili hiyo si hesabu ya mtu yeyote. Samaki wa aina hii wengi hufika. Wanafika wazima, wazuri, mteja anafurahi, alafu wanakonda taratibu mbele ya macho yake na yeye atadhani ni kosa lake, atajilaumu chumvi, atajilaumu joto la maji, atanunua dawa, na pengine ataagiza jozi nyengine ajaribu tena. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Sisi tulikua tunajua. Mjomba ambaye hajamaliza darasa la saba alikua anajua siku ya kwanza.

Mie sipingi kufuga samaki wa baharini, nataka hili lieleweke. Nimeona watu wanaowatunza kwa heshima kubwa, na sasa hivi samaki klauni wanazalishwa matangini kwa wingi, hata yule kangaja wa manjano wa Hawaii watu wa Oceanic Institute, taasisi ya utafiti ya huko huko, walifaulu kumzalisha mwaka 2015, na hao hawakutolewa kwenye mwamba wowote. Na kikande huyu huyu, najua kuna wachache Marekani walomzoesha chakula chengine kwa subira ya ajabu mpaka akataga mayai. Lakini hao ni mabingwa, wa kuhesabika, na oda haiulizi we ni bingwa, inauliza unalipa. Kwa mie naona samaki ambaye anayemvua hawezi kumlisha na anayemnunua hawezi kumlisha, aachwe alipo, asitiwe hata kwenye listi. Baadaye sana nilikuja kusoma utafiti uliofanywa Australia, wa 2014, kwamba kikande yule mwili wake huchukua harufu ya matumbawe anayokula, mpaka chewa akipita karibu hamtambui kama ni samaki, anadhani ni tawi. Niliposoma nikaikumbuka ile ndoo nyeupe. Tulikua tumeng'oa kipande cha mwamba, kina macho.

Jumatatu ripoti ikaja, msimamizi akaisoma kwa sauti sote tumesimama, boksi zote zimefika, waliokufa hakuna. Akanipiga bega. Jioni nikampitia mjomba, nikamkuta anafua miwani yake kwa maji baridi.

"Wamefika?"

"Wamefika, mjomba. Wazima wote wawili."

Akaitikisa ile miwani maji yakatoka, akaitazama kwenye mwanga kama ina ufa.

"Na huko nani atawaletea tawi?"

Nikamwambia oda ya wiki ijayo ina kangaja kumi na wawili, na kusi imeanza kuvuma, kwa hivo atatoka saa ngapi.