Ana mtu wa kumtafuta

Jamani wiki imeisha lakini mimi bado nimekwama Jumapili usiku, sebuleni, laptopu juu ya stuli, Kadogo, binti wa dada, kajilaza kwenye mkeka na miguu kaiweka ukutani kama kawaida yake. Ndo tulikuwa tumemaliza sizoni ya kwanza ya Veronica Mars, episodi zote 22, ile niliyowaambia nimewekewa kwenye flashi na kijana wa muvi pale Kirumba. Ni ya zamani, 2004 huko, wanatumia simu za kufunua, ila imetushika vibaya. Binti wa sekondari California, rafiki yake kipenzi Lilly kauawa kwao kando ya bwawa la kuogelea, baba yake binti ndo alikuwa mkuu wa polisi akamshuku baba wa marehemu ambaye ni tajiri wa mji, basi mji mzima ukawageuka, baba akapoteza ile kazi, mama kaondoka, na gerezani kuna mtu kakiri kosa ambalo hakulifanya. Binti mchana yupo darasani, jioni anapeleleza, na marehemu anamtokea tokea. Muuaji simtaji.

Karibu na mwisho kuna ndoto, yeye na Lilly wanaelea kwenye bwawa, maua yametapakaa juu ya maji. Nikataka kupeleka mbele haraka maana mnajua Kadogo na maji, hata feri ya Kamanga hapandi tangu tumzike baba yake. Akanishika mkono. Akaangalia yote.

Afu akasema, "Mamdogo, huyu ana bahati."

Nikamwambia bahati gani mwanangu, na rafiki yake kauawa?

"Si ana mtu wa kumtafuta."

Na mimi mtu mzima nikajibu nini, nikajibu zima hiyo laptopu ukalale kesho shule.

Si ana mtu wa kumtafuta. Nimeisikia Jumatatu natoa fotokopi, nimeisikia kwenye daladala, hata sendofu ya mdogo wetu jana, ambayo ilifana na ukumbi ulijaa, nimekaa meza ya mbele naisikia hiyo tu. Hakulia wala hakukasirika. Alisema vile mtu anavyosema fulani ana baiskeli mimi sina.

Maana shemeji, baba yake Kadogo, hakuuawa na mtu. Dagaa wanavuliwa siku za giza, mbalamwezi ikiwa kali taa haziwavuti basi watu wanabaki nchi kavu, na usiku ule giza lilikuwa zuri, Kayenze nzima iliingia ziwani, upepo ukaja, wenzake wakarudi. Umkamate nani hapo? Msibani tulisema kazi ya Mungu haina makosa, mimi mwenyewe nilisema, nimesimama na sufuria la chai, na mtoto kakaa pale chini anasikia. Sasa nafikiria tulimfungia mlango. Yani hakuna wa kumuuliza, hakuna wa kumkasirikia, kula ugali urudi shule.

Ijumaa natafuta mkasi kwenye begi lake nikakuta kaunta buku. Ukurasa wa kwanza kaandika saa, upepo ulianza saa ngapi, nani walikuwa mtumbwi wa jirani, nani wa mwisho kuongea na baba. Miguu ikaisha nguvu nikakaa kitandani. Kumbe ndo maana salio langu linaisha, alikuwa anampigia baba yake mdogo Kayenze usiku nikishalala. Nilitaka kugomba kweli, afu nikafika ukurasa wa nne.

Mnakumbuka ile ripoti ya kidato cha kwanza iliyopotea, dada akamchapa, shule wakatusumbua muhula mzima? Haikupotea. Jioni ile shemeji alikuwa anawaonyesha wenzie mwaloni, binti yangu wa pili darasani, someni wenyewe, afu akaikunja kwenye nailoni akaitia mfukoni akaingia nayo ziwani. Baba mdogo anasema hakuna aliyewahi kumuuliza, ndo maana hakusema. Kadogo kapiga mistari miwili chini ya "wa pili darasani".

Nimelia jamani, ila si kile kilio cha mwaka jana. Nikarudisha daftari palepale, na jana asubuhi nikanunua vocha ya elfu mbili nikaiacha juu ya begi, sikusema kitu, naye hakusema, ila chai aliipika yeye na aliniwekea tangawizi nyingi kama ninavyopenda.

Dada sijamwambia. Sijui ataipokeaje, alimchapa vibaya siku ile.

Halafu mashine imeanza tena kutoa mstari mweusi katikati ya karatasi, nimebadilisha wino bado, na kesho saa mbili walimu wanaleta mitihani ya moko ya madarasa matatu.