Siku ya Kumi na Saba ya Wakati wa Huzuni

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu wapendwa.

Neno lililonikaa moyoni wiki hii limetoka huko nyumbani. Mwenyekiti wa jumuiya aliniandikia kwamba padri bado anaumwa, kigango hakijapata Misa kwa muda sasa, na kwenye ibada ya Neno wanakuja wazee wachache na watoto waliotumwa na bibi zao. Wengine wanasema waziwazi: "Kama hakuna Misa, niende nikafanye nini?"

Ujumbe huo ulinikuta ndani ya basi dogo, huku Japani, katika hija ya parokia yetu kwenye vijiji vya kisiwa cha Kyushu. Tulikuwa kikundi kidogo, Wafilipino, Wavietnamu, wazee wa Kijapani na mimi. Naamini Mungu alitaka niusome palepale, maana tulikuwa tunapita kwenye ardhi ya watu ambao hawakuwa na padri kwa zaidi ya miaka 200.

Historia yenyewe mnaijua kwa kiasi, kwa sababu kila tarehe 6 Februari tunawakumbuka Mtakatifu Paulo Miki na wenzake, wale 26 waliosulubiwa Nagasaki mwaka 1597. Imani ilikuwa imeletwa na Mtakatifu Fransisko Ksaveri mwaka 1549. Mwaka 1614 Ukristo ukapigwa marufuku nchi nzima, mapadri wakafukuzwa, waliobaki wakawindwa mmoja mmoja, na wa mwisho aliuawa mwaka 1644. Tangu hapo hakukuwa na Misa, Kitubio wala Komunyo. Kila kaya ililazimika kuandikishwa kwenye hekalu la Kibudha, na mkuu wa hekalu ndiye aliyethibitisha kwa serikali kwamba watu hawa si Wakristo.

Hekalu moja tulilielekea kwa heshima kubwa. Linaitwa Tenpukuji, liko eneo la Sotome, nje kidogo ya Nagasaki. Wakristo wengi wa mafichoni waliandikishwa pale, na viongozi wa hekalu walijua Wakristo hao wanamwomba nani, wakanyamaza. Najua baadhi yenu mtashtuka kusikia nilikwenda kwenye hekalu. Nilikwenda kushukuru. Msamaria naye hakuwa wa dini ya yule aliyemwokota njiani.

Sotome ni nchi ngumu. Mlima unashuka moja kwa moja baharini, na watu walilima viazi vitamu kwenye miteremko iliyoshikiliwa na kuta za mawe. Juu msituni kuna mahali panaitwa Karematsu. Leo pana kijihekalu kidogo cha mbao cha kumkumbuka padri ambaye wenyeji wanamwita San Jiwan. Hatua chache kutoka hapo kuna jabali kubwa limeinama, chini yake wanaweza kujibana watu wachache. Mzee aliyetuongoza alituambia tuguse ule mwamba. Una ukungu wa kijani na ulikuwa baridi kama maji ya kisima. Akasema: hapa ndipo babu zetu walipokuja usiku, katika Kwaresima, kufundishana sala. Hawakuwa na kitabu mkononi. Mkubwa alitamka, mdogo akarudia, kwa sauti ya chini, wakitetemeka kwa baridi, mpaka Baba Yetu na Salamu Maria zikaingia kichwani zisitoke. Nyingine zilikuwa kwa Kilatini ambacho hawakukielewa tena, wakazishika hivyohivyo.

Ndugu zangu, nilisimama pale nikawaza juu ya watoto wa jumuiya yetu. Mtoto wa darasa la nne anaimba matangazo yote ya redio, lakini Nasadiki inamshinda katikati.

Walijipangaje watu hawa? Hapa naomba msikilize vizuri, hasa viongozi wa jumuiya. Walikuwa katika vikundi vidogo vya nyumba kwa nyumba, na kila kundi lilikuwa na watu wa kazi. Mmoja alitunza kalenda, akijua Noeli ni lini na Kwaresima inaanza lini. Mwingine alibatiza, na alijifunza maneno ya ubatizo kwa uangalifu mkubwa, kwa sababu akikosea amewakosesha watoto wote wa kijiji. Mwingine alipeleka habari nyumba hadi nyumba. Wote walikuwa wakulima na wavuvi. Hakuna aliyelipwa posho. Kalenda yao ilitokana na ya mwaka 1634, na wanasema waliirithi kwa katekista wa Kijapani aliyeitwa Bastian, ambaye aliwaambia kwamba baada ya vizazi saba mapadri watarudi.

Vizazi saba! Bibi anamfundisha mjukuu sala akijua kwamba yeye mwenyewe hatamwona padri, na mjukuu huenda asimwone.

Tarehe 17 Machi 1865 wakulima kutoka kijiji cha Urakami walifika kwenye kanisa jipya la Oura, Nagasaki, lililojengwa kwa ajili ya wageni wa Kizungu. Padri Bernard Petitjean, Mfaransa, alikuwa akisali. Mama mmoja akamsogelea akamwambia taratibu kwamba mioyo yao ni sawa na moyo wake, kisha akauliza iko wapi sanamu ya Bikira Maria. Hilo wengi mmelisikia. Ambalo halisimuliwi sana ni neno walilomwambia walipokuwa wakiongea naye: kwamba sasa wako siku ya kumi na saba ya wakati wa huzuni, yaani Kwaresima. Hesabuni wenyewe. Mwaka ule Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 1 Machi. Hawakukosea hata siku moja. Bila padri, bila kengele, bila tangazo la parokia, mkulima wa Urakami na Papa wa Roma walikuwa wanafunga siku ileile.

Sasa niwaulize ninyi mnaosema hakuna Misa. Katekista yupo, Biblia ipo kwa Kiswahili safi, rozari zinaning'inia ukutani. Kanisa letu la Afrika Mashariki lilitupa jumuiya ndogondogo ili imani iishi nyumbani, nasi tumezigeuza kuwa mahali pa kukusanyia michango. Yesu alisema walipo wawili au watatu wamekusanyika kwa jina lake, yeye yupo kati yao. Alimaanisha. Mkiacha kukusanyika kwa sababu padri anaumwa, mnamwambia Bwana kwamba neno lake halitoshi. Nasema kwa uchungu kwa sababu nawapenda, na kwa sababu Ekaristi tunayoililia inahitaji watu wenye njaa nayo, wanaokaa pamoja wakiingoja. Wale wa Urakami waliitambua ilipofika kwa sababu walikuwa hawajaacha kuingoja.

Na yuko anayenisoma akisema, "Mimi nimeanguka, sina uso wa kuja jumuiyani." Wewe nina neno lako. Huko kwenye visiwa vya Amakusa, kwenye kijiji cha wavuvi cha Sakitsu, watu walipangwa kwenye nyumba ya mkuu wa kijiji kukanyaga sanamu takatifu, ili waonyeshe kwamba si Wakristo. Wengi walikanyaga. Wakirudi nyumbani walilia, wakasali sala ya majuto kamili waliyoirithi kutoka kijitabu cha mwaka 1603, kilichonakiliwa kwa mkono kwa siri, kinachofundisha jinsi ya kutubu pale ambapo hakuna padri wa kukuungamisha. Kanisa lililopo leo Sakitsu lilijengwa mwaka 1934. Unavua viatu, unakaa kwenye mikeka. Na altare imewekwa palepale walipokuwa wakikanyagisha watu. Nilipiga magoti mbele yake nikasali ile tuliyofundishwa utotoni, "Mungu wangu, nimetubu sana niliyokosa," na nikakutaja wewe, ingawa sijui ni nani kati yenu. Rudi, ndugu yangu. Padri akipona utaungama. Kwa sasa rudi.

Mwenyekiti, nakuomba Jumamosi hii mgawane kazi. Bibi mmoja achukue watoto watano na Nasadiki, asiwaachie mpaka waishike yote. Kijana mmoja atunze kalenda ya liturujia na kutangaza sikukuu kila wiki. Mwingine apite nyumba za wagonjwa, aanzie kwa padri wetu, ampelekee uji na salamu zetu. Majina yao nitumieni, niyaweke kwenye sala zangu za usiku.