Tumerudi Likoni

Tangu tuhame Nairobi na kurudi kwetu Likoni, Mombasa, siku yetu huanza kwa mahamri na mbaazi za mama, kisha mimi na mume wangu hushuka kivukoni, ambako aendaye kwa miguu huvuka mkono wa bahari wa Kilindini kwa feri bure, ingawa bure hiyo hulipwa kwa jasho la msongamano. Mwanetu wa miaka mitatu, aliyezoea kufungiwa ghorofani, sasa hushinda uani na binamu zake, na juzi nilipomwita, "Kuja hapa," alinisahihisha mbele ya watu: "Mama, sema njoo!" Maji ya mfereji hutoka yatakapo, kwa hivyo madumu ya lita 20 hayakosi mlangoni. Mume wangu bado hulalamikia joto. Mimi nilikuwa na hamu nalo.