Tulivyoikausha Nyumba ya Mawe Kabla ya Kuipamba

Mimi na mke wangu tulikuwa tumepanga nyumba Kasarani, jijini Nairobi, kwa miaka sita, watoto wetu wawili wakilala chumba kimoja na masanduku yetu, tulipopata habari za nyumba ya mawe ya enzi za ukoloni iliyokuwa ikiuzwa nje kidogo ya mji wa Limuru, pamoja na nusu ekari ya shamba. Tuliiona mara ya kwanza Septemba 2023, siku ya jua kali, kuta zote zikiwa zimepakwa rangi mpya nyeupe, nami nilikuwa tayari kulipa amana siku ileile. Mke wangu alikataa katakata mpaka tuione nyumba hiyo mvua ikinyesha, na mpaka leo namshukuru kwa neno hilo.

Tulirudi Novemba, mvua za El Niño zikiwa zimeshika kasi. Mfereji wa paa ulikuwa umetoboka, na maji yalimwagika moja kwa moja chini ya dirisha la chumba cha nyuma. Ndani, kiasi cha futi tatu kutoka sakafuni, rangi ile mpya ilikuwa imefura malengelenge. Nilipobonyeza moja kwa kidole, likapasuka na kunibakishia mkononi unga uliolowa kama uji. Hatukuiacha nyumba, bali tulimwonyesha muuzaji hali hiyo na kuafikiana naye bei iliyopungua kabla ya kutia sahihi mkataba wowote.

Kwa kuwa ardhi yenyewe ni ya kilimo, wakili alituhimiza tuombe mapema kibali cha bodi ya udhibiti wa ardhi, ambayo huidhinisha uuzaji wa ardhi ya namna hiyo, maana ombi lisipowasilishwa ndani ya miezi 6 tangu mkataba ufanywe, ununuzi unaweza kubatilika. Kibali cha mke wa muuzaji nacho kilihitajika kwa maandishi. Kuhusu ushuru wa stempu, yaani kodi ya kuhamisha umiliki, alitushauri tutenge asilimia 4 ya thamani ya ardhi inayotozwa ndani ya manispaa, badala ya asilimia 2 ya mashambani, hadi ardhi itakapothaminiwa. Hatimiliki tuliipata Mei 2024.

Fundi wa kwanza alipendekeza tupige lipu nyingine ya saruji juu ya ile ya zamani, kisha tupake rangi isiyopenyeza maji. Pendekezo hilo halikuniridhisha, kwa hiyo nikamtafuta mzee mmoja aliyezoea nyumba za namna hiyo. Aliugongagonga ukuta kwa mpini wa nyundo, akasikiliza, kisha akaniambia, “Baba Zawadi, ukuta huu hauumwi, umezibwa pumzi.”

“Sasa tufanye nini, mzee?”

“Ondoa saruji, ondoa udongo, halafu usubiri.”

Mawe yalikuwa yameunganishwa kwa chokaa, ambayo hufyonza unyevu na kuuachilia tena hewani, lakini mtu fulani baadaye alikuwa ameyafunika kwa saruji, na unyevu ukakosa pa kutokea. Nje, udongo wa bustani ulikuwa umerundikana ukutani mpaka ukapita usawa wa sakafu ya ndani. Tuliibandua saruji ya ukuta wote wa nyuma, tukaushusha udongo, tukachimba mtaro wenye kokoto unaoteremka kuelekea shambani, na tukabadilisha mifereji ya paa. Nyaya za umeme tulizing’oa zote bila mjadala. Boriti za mwerezi chini ya sakafu zilikuwa nzima kabisa, kwa kuwa mchwa hawaupendi mti huo, nasi tukaziacha zilivyo.

Kusubiri ndiko kulikotuchosha zaidi. Julai ya Limuru ni ukungu na baridi tupu, na mawe yalikauka polepole mno, huku tukiendelea kulipa kodi Kasarani na jamaa wakituuliza kila Jumapili kwa nini hatuhamii kwetu. Tulifungua madirisha asubuhi na kuyafunga jioni, kila wikendi, hadi jua la Januari 2025 lilipofika, ndipo mzee akakubali kupiga lipu ya chokaa na mchanga, tabaka moja baada ya jingine, akilinyunyizia kila tabaka maji ili lisikauke haraka na kupasuka.

Tulihamia Machi, mvua za masika zikikaribia. Sebule bado haina dari na veranda inangoja fedha, lakini kitanda cha Zawadi kimeegemezwa ukuta ule wa chumba cha nyuma, chini ya dirisha.